Bibi Anakwenda Riyadh

Katika nyumba ya Murad bin Hilal, mtaa wa Al-Safa, Jeddah, palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na haikupata kuvunjwa na yeyote mwenye akili timamu: safari haisemwi mpaka umerudi. Sheria hiyo ilitungwa na Bi Mwanamize, mama yake Murad, na ilikuwa na ushahidi wa kutosha. Yupo ami mmoja aliyetangaza kuwa anakwenda Maskati, akateleza bafuni kabla sanduku halijafungwa. Yupo na binamu aliyepiga picha tiketi yake ya Istanbul akawarushia jamaa wote kwenye simu. Ndege iliondoka, yeye akabaki chooni. Madaktari walisema ni kamba wa jana. Bi Mwanamize alisema ni jicho, na kwa kuwa madaktari hawakuwa wa ukoo, kauli yake ndiyo iliyopita.

Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba Bi Mwanamize mwenyewe, na miaka yake sabini na mitano, na magoti yake mawili yasiyosikilizana, atakwenda Makassar, mji wa pwani huko Indonesia, jambo la kwanza lililohitajika halikuwa tiketi wala viza. Ulihitajika uongo.

Kazi hiyo tukufu alipewa mjukuu wake Nusra, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana huko Tanga. Nusra alikuwa na miaka kumi na saba na sifa zote za kazi. Shuleni aliwahi kuliaminisha bweni zima kwamba mkaguzi anakuja kutoka wizarani kupima urefu wa kucha za miguu, na foleni ya kukata kucha iliongozwa na matroni.

"Uongo mzuri, Bibi," alisema kwa sauti ya mtu anayefungua semina, "hauwi mtamu. Ukiwa mtamu watu watauliza maswali. Sharti uchoshe."

"Basi nipe wa kuchosha."

"Tunakwenda Riyadh."

Bi Mwanamize alitafakari. Nje, mashine za baridi za mtaa mzima zilikuwa zikinguruma na kudondosha maji kwenye vichwa vya wapita njia. Tangu dunia iumbwe, hakuna mtu aliyemhusudu mwenzake kwa kwenda Riyadh mwezi wa Julai.

"Riyadh kufanya nini?"

"Kutazamwa magoti hospitali."

"Weye mtoto una akili," Bibi akasema. "Za kishetani, lakini ni akili."

Safari yenyewe ilikuwa na sababu kongwe. Katika miaka ya mwisho ya meli za mahujaji, Bi Mwanamize alikuwa mke kijana anayekaa mtaa wa Kandara, Jeddah hiyo hiyo, na Murad alikuwa mchanga kifuani. Chumba cha pili walipanga mahujaji wawili wa Kibugi, mume na mke, wakingoja meli ya kuwarudisha kwao Makassar. Mke akajifungua mtoto wa kike, na siku ya pili akafariki. Mume akabaki ameshika kitoto chenye njaa katika mji ambao hakuna aliyejua lugha yake. Bi Mwanamize alimpokonya mtoto bila kuuliza, akamweka titi lililokuwa halina mtu. Miezi miwili alinyonyesha wawili, Murad kulia na mgeni kushoto, mpaka meli ikaja na baba akaondoka na mwanawe.

Mtoto aliyenyonya mara tano akashiba, dini inamhesabu mwana, ingawa harithi. Kwa hiyo yule mtoto, Saenab, alikuwa binti wa Bi Mwanamize, na ndugu wa Murad, na shangazi wa Nusra, shangazi ambaye kwa karibu miaka hamsini hakuna aliyejua kama yu hai. Mwaka jana binti yake, Fitri, aliandika kwenye kurasa za Wazanzibari wa Jeddah akiulizia nyumba ya Hilal wa Kandara. Aliyejibu ni Nusra, aliyekuwa kitandani bwenini saa ambayo simu haziruhusiwi. Sasa Fitri anaolewa. Huko kwao, siku ya kuamkia harusi, wazee huitwa mmoja mmoja kumtia bi harusi hina kiganjani, na Saenab hakuwa na mama wa kumwita ila huyu wa maziwa.

"Kaandika tena," Nusra alimwambia Bibi siku walipoanza kupanga. Fitri alikuwa akiandika kwa Kiingereza, na Nusra akifasiri. "Anasema, marehemu babu yake alikuwa akihadithia kwamba Jeddah mtoto alinyonyeshwa na wanawake wawili. Anauliza huyo wa pili yu hai? Wamtengee mahali naye?"

Bi Mwanamize alikuwa akikunja kanga ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

"Mzee wa watu alikuwa kafiwa," akasema. "Mtu aliyefiwa huona vitu viwili viwili. Mwambie ni mmoja."

"Mmoja?"

"Hukusoma hesabu huko Tanga? Mmoja."

Nusra akaandika: mmoja.

Baada ya hapo mipango ilikwenda vizuri kupita kiasi. Murad hakupata ruhusa kazini, na mkewe ni mtu asiyepanda ndege inayozidi saa mbili, hivyo wasafiri wakawa wawili. Murad alimtolea mama yake viza ya kutoka na kurudi kwa kubonyeza simu akiwa amekaa kwenye foleni ya mafuta. Nusra alikata tiketi za Jakarta, na kutoka Jakarta hadi Makassar. Alimwonyesha Bibi picha za mji: bahari, watu wanaotembea ufukweni jioni, ndizi zinazochomwa mkaani, zikabanwa zikawa bapa, zikamwagiwa sukari ya mnazi. Bibi alizitazama ndizi zile kwa heshima. Kisha akaagiza ratili mbili za karafuu za Pemba ziwe zawadi.

"Bibi, karafuu asili yake huko huko. Visiwa vya jirani yao."

"Nani kasema?"

"Kitabu cha jiografia."

"Karafuu ni ya Unguja na Pemba," Bi Mwanamize alihukumu. "Hao wengine wameiga. Tia sandukuni."

Kosa la Nusra halikuwa kwenye karafuu. Lilikuwa kwenye uongo wake mwenyewe, aliouchunguza pande zote isipokuwa moja: ukoo ulikuwa na watu Riyadh. Na kwa Waswahili, mwenye kusafiri ni gari la mizigo. Habari ya magoti ya Bi Mwanamize ilipofika Kandara, vifurushi vilianza kuingia. Ililetwa ndoo ya achari. Zikaja katoni mbili za tende kwenda mji unaouza tende kila kona. Ukaja mto wa mtoto, sufuria yenye kifuniko cha sufuria nyingine, na mfuko uliofungwa kwa utepe wa plastiki mara nyingi sana kiasi kwamba aliyeuleta alisema tu, "Usiulize."

Jael, dada wa kazi kutoka Bungoma, alisimama mlangoni na mopu yake akaitazama sebule.

"Nusra, hii ni Riyadh ama mnahama? Nita-mop wapi sasa, kwa ceiling?"

"Ni magoti ya Bibi, Jael."

"Hayo magoti yanakula achari?"

Siku ya tano akaja Bi Zuwena. Bi Zuwena ni mdogo wake Bi Mwanamize, mjane, mkaazi wa Kandara mpaka leo, na kwa hukumu ya ukoo mzima ndiye mwenye jicho kali kuliko wote upande huu wa Bahari ya Shamu. Aliwahi kulisifu friji la watu, likafa usiku ule ule. Aliketi, akanywa kahawa, akavitazama vifurushi.

"Nasikia unakwenda Riyadh, Dada."

"Magoti," Bi Mwanamize akasema.

"Masikini. Basi mie nakuja nawe."

Kikombe cha Bi Mwanamize kilisimama hewani.

"Usijisumbue, Zuwena. Joto lile!"

"Joto la wapi? Hapa tuko Ulaya? Isitoshe Usama kapata mtoto na sijamwona ila kwenye simu. Utafikia kwake. Nishamwambia."

Usama ni kitinda mimba wa Bi Zuwena, muuza simu wa Batha, Riyadh. Mama anayekwenda kuona mjukuu hazuiwi. Bi Mwanamize alimgeukia Nusra kwa macho ya nahodha anayemtazama aliyetoboa meli.

Usiku haukuingia kabla Baraza la Dharura halijakutana jikoni. Nusra alipendekeza waugue. Bibi alikataa, magoti yalitosha. Mwishowe Nusra alishika simu, akahangaika nayo, akatangaza suluhisho. Kuna ndege ya Jakarta inayoondoka Riyadh. Basi wangekwenda Riyadh kweli, wamkabidhi Bi Zuwena kwa mwanawe pamoja na ndoo ya achari, waage kwamba wanakwenda hospitali, na hospitali yenyewe iwe uwanja wa ndege.

"Kwa hiyo tutakuwa hatukusema uongo," Bibi akasema, akipata nafuu.

"Tutakuwa tumeupunguza."

Hivyo ndivyo walivyofika Riyadh asubuhi moja ya Julai, na upepo wa kule ukawapokea kama mlango wa tanuri uliofunguliwa na mtu mwenye kinyongo. Usama alikuwa akikaa ghorofa ya tatu nyuma ya Batha, jengo lisilo na lifti. Bi Mwanamize alipanda ngazi akitaja majina ya Mwenyezi Mungu, jina kila kidato. Vifurushi vilipandishwa na Usama mwenyewe kwa safari nyingi, na kila alipotua kimoja alisema, "Nani kaniletea tende?"

Ndege ilikuwa saa mbili usiku. Teksi iliitwa kwa saa kumi alasiri. Katikati hapakuwa na kazi ila kula na kutojisahau.

Chakula kilikwenda salama. Baada yake, mke wa Usama alikaa kwenye zulia akampa mtoto chupa, kwa sababu maziwa yake yalikuwa machache, na Bi Zuwena akamwonea huruma kwa sauti.

"Siku hizi maziwa hayatoki kwa sababu ya simu," alisema. "Sisi tulikuwa tunanyonyesha hata wa watu. Dada, unamkumbuka yule mtoto wa Makassar?"

Bi Mwanamize alisema, "Nipe sukari."

"Kilikuwapo kitoto cha mahujaji," Bi Zuwena akamwambia mkwewe, "mamake kafa. Dada akawa ndiye anamnyonyesha. Mara Dada akashikwa na jipu la titi, homa, akapelekwa hospitali hajijui. Mie nna mtoto wangu wa kwanza, mchanga. Wakanimwagia wote. Murad huku, wangu kule, na yule mgeni usiku kucha. Wiki nzima! Nilikuwa kama ng'ombe wa serikali. Wale wa kwetu walikuwa wanalia tu, lakini yule mgeni, akishiba, ananitazama. Anakutazama mpaka unaona haya." Alicheka kidogo. "Kisha meli ikaja. Hata sikumuaga vizuri, nilikuwa nafua. Mpaka leo nikiwaona mahujaji wa kule hutazama nyuso. Upuuzi. Atakuwa mtu mzima na wajukuu, kama yu hai."

"Ulipata kuuliza?" mkwewe akasema.

"Nimuulize nani? Bahari?"

Nusra aligundua kwamba amekuwa akishika kipande kimoja cha tende kwa muda mrefu. Alimtazama Bibi. Bibi alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari aliyoiomba. Kisha alinyanyuka akabeba vikombe vyake mwenyewe kupeleka jikoni, jambo ambalo halijaonekana tangu Murad aoe, na Nusra akamfuata.

"Bibi. Wa pili ni huyu?"

"Osha vikombe."

"Fitri aliuliza. Nikamwandikia mmoja."

"Uliandika ulivyoambiwa. Osha."

"Anatafuta nyuso za mahujaji barabarani, Bibi."

"Nimesikia!" Bi Mwanamize alisema, kisha akaishusha sauti. "Nina masikio. Magoti ndiyo yaliyokufa."

Nusra akaosha vikombe. Katika maisha yake ya utani alikuwa amewachezea walimu, viranja, wapishi na kasisi mmoja aliyekuja kuazima viti, na mara zote alijua mzaha unaishia wapi. Huu aliubuni yeye, akaukatia na tiketi, na sasa hakuujua unakoelekea.

Saa kumi dereva wa teksi alipiga simu kwamba yuko chini, na kwamba chini ni Jahanamu. Bi Mwanamize alitoka chumbani na baibui lake na mkoba wake. Sebuleni alimkuta Bi Zuwena naye amevaa baibui, na kifuko kidogo mkononi.

"Weye wapi?"

"Hospitali," Bi Zuwena akasema. "Nani atakukanda miguu? Huyu mtoto na simu yake? Yalla, twende."

"Baki na mjukuu wako."

"Mjukuu ana mamake. Kwani ulidhani nimekuja kwa ajili ya mtoto, Dada? Nimesikia unalazwa. Mara ile ulipolazwa nilibaki nyumbani na watoto, nikakaa wiki nzima nikingoja waniletee maiti yako. Safari hii nalala chini ya kitanda chako, wakitaka wasitake."

Nusra alikuwa na majibu matatu tayari: wodi ni ya mtu na msaidizi mmoja, daktari ni mkali, kuna maradhi ya kuambukiza. Alifungua kinywa atoe la kwanza. Bi Mwanamize aliinua mkono, na Nusra akafunga.

"Siendi hospitali," Bi Mwanamize akasema. "Nakwenda Makassar."

"Makassar ipi?"

"Kwao yule mtoto. Yu hai. Anaitwa Saenab. Anaoza binti yake, kaniita nikae mahali pa mamake."

Usama, aliyekuwa ameshika sanduku, aliliweka chini polepole. Mkewe akamhamisha mtoto bega. Bi Zuwena hakusogea. Nusra alijihesabu kuwa mtaalamu wa nyuso za watu waliodanganywa, lakini uso huu haukuwemo katika kumbukumbu zake.

"Umejua lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana," Bi Zuwena alirudia. "Na mie kila Ijumaa niko kwako."

"Niliogopa jicho."

"Langu?" Bi Zuwena aliuliza. "Lile friji lilikuwa la miaka ishirini, Dada."

Chini, dereva alipiga honi. Bi Zuwena alikiweka kifuko chake juu ya kiti, akakinyoosha mkanda wake, akazungumza akikitazama.

"Basi nenda, usichelewe. Mama ni weye. Mie nilimnyonyesha mara nne tu, nakumbuka vizuri. Nne hazimfanyi mtu mama. Muulize shekhe yeyote."

Nusra aliupima uongo ule kama fundi. Haukuandaliwa. Uligongana na maneno ya msemaji mwenyewe ya baada ya chakula, mbele ya mashahidi wale wale. Msemaji hakuthubutu hata kumtazama mtu usoni. Bwenini usingempita hata matroni wa kucha.

"Muongo weye," Bi Mwanamize akasema.

"Nne, wallahi..."

"Usiape!" Bi Mwanamize aliushika ukingo wa kabati. "Wiki nzima, Zuwena. Niliporudi kutoka hospitali hakutaka titi langu. Nampa, anageuza kichwa. Siku tatu analia anakutafuta weye, na mie nimekaa na maziwa yananichuruzika mpaka miguuni. Nikakwambia rudi kwako, mumeo anakungoja. Mumeo hakuwa anakungoja. Alikuwa Ta'if."

Bi Zuwena alikaa. Hakukaa kwenye kiti chenye kifuko. Alikaa kwenye zulia, hapo hapo.

"Nusra," Bibi akasema. "Mpigie."

"Nani, Bibi?"

"Unadhani nani?"

Nusra alipiga. Kule usiku ulikuwa umekwisha kuingia. Ilitokea sebule iliyojaa wanawake, mapambo ya manjano, kisha uso wa Saenab, mpana, mchangamfu, mwenye miwani. Saenab alisoma chuo cha dini, na Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, kwa hiyo kila alipoongea ilikuwa kama taarifa ya habari. "Ewe mama yangu mtukufu," alianza, "je, mmekwisha kuabiri?"

Bi Mwanamize aliishika simu karibu sana na uso, kama kawaida yake, ili kule waone pua.

"Bado," akasema. "Sikiliza. Baba yako alisema walikuwa wawili. Alisema kweli. Mimi ndiye niliyeficha. Huyu hapa."

Akainama kwa shida, akaitia simu mkononi mwa nduguye, wala hakungoja. Alichukua mkoba wake, akatoka mlangoni, akaanza kushuka ngazi peke yake, akiteremka kwa ubavu kama kaa.

Nusra alibaki kizingitini. Nyuma yake Saenab aliuliza kwa Kiarabu chake fasaha, "Ni nani huyu anayenitazama?" na Bi Zuwena, aliyekuwa na neno kwa kila jambo duniani, akaishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake Bibi alikuwa ameshafika kona ya kwanza ya ngazi na anahema. Nusra akakimbia akamshika mkono. Walishuka ghorofa tatu, kidato kwa kidato. Usama alifuata na sanduku, akalitia kwenye buti, akapanda tena mbio bila kuaga.

Ndani ya teksi dereva aliwatazama kwa kioo kuhakikisha ni uwanja wa ndege.

"Matar, madam? Yalla?"

"Yalla," Bi Mwanamize akasema.

"Ngoja," Nusra akasema. "Bibi, simu yangu iko juu."

"Usama atakuletea Jeddah."

"Tiketi zimo ndani ya simu."

"Zote?"

"Zote. Na ya Makassar. Na hoteli ya Jakarta."

Bi Mwanamize alilitafakari jambo hilo la kuweka safari nzima ndani ya kitu ambacho mtu anaweza kukishika akakataa kukiachia. Alifuta uso kwa ncha ya baibui. Kisha akainamisha kichwa apate kuona, kupitia kioo cha dirisha, dirisha la ghorofa ya tatu, ambalo lilikuwa na pazia na halikuonyesha kitu.

Dereva alilalamika kuhusu foleni. Alisema wakikawia, barabara ya uwanja wa ndege itajaa watu wanaotoka kazini, na yeye hatalaumiwa. Nusra alimwomba dakika tano, na zilipokwisha akamwomba tano nyingine.

"Wanasema nini muda wote huo?" Bibi aliuliza.

"Sijui. Nikaichukue?"

Bi Mwanamize alikuwa bado ameinama, macho juu.

"Kaa," akasema.